Maswali na majibu: Miti, vidonge na saratani za tumbo

Barua zilizonifikia safari hii zinazunguka jambo moja: mimea na saratani za utumbo, ini na kongosho. Nimechagua sita. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo nitajibu upande wa dawa. Upasuaji na vipimo vina wenyewe.

Mama yangu ana saratani ya utumbo mpana na anatundikiwa dripu ya irinotekani. Kila akirudi nyumbani anaharisha na kuishiwa nguvu. Kwa nini asipewe kitu cha asili badala ya kemikali hizi?

Pole sana, na umfikishie mama salamu zangu. Hiyo irinotekani asili yake ni mti.

Mti wenyewe unaitwa Camptotheca acuminata, kwao ni China. Mwaka 1966 wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani, waliokuwa wakifanya kazi North Carolina, Marekani, walitangaza kemikali waliyoitoa ndani yake: kamptotesini. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1970 iliwaumiza vibaya. Vibofu vilitoa damu, uboho ulishindwa kutengeneza chembe za damu, na majaribio yakasitishwa. Ingeweza kufia hapo. Lakini mwaka 1985 ikajulikana inavyofanya kazi, na hapo ndipo watu walipoirudia kwa hamu.

Seli inapotaka kugawanyika hunakili DNA yake, na DNA ni kama kamba iliyosokotwa: ukiifungua upande mmoja, upande wa pili unazidi kukaza. Kipo kimeng'enya kinachokata uzi mmoja wa kamba hiyo, kinaulegeza msokoto, kisha kinauunga tena. Kamptotesini hukinasa kimeng'enya hicho kikishakata, kabla hakijaunga. Unakili ukifika pale penye mkato, kamba inakatika yote na seli inakufa. Seli za saratani hugawanyika mno, hivyo ndizo zinazoumia zaidi. Bahati mbaya, seli za uboho na za ngozi ya ndani ya utumbo nazo hugawanyika haraka. Ndiyo sababu mama anachoka na kuharisha.

Wanakemia waliibadilisha kamptotesini kidogo ili iyeyuke kwenye maji na mwili uweze kuivumilia. Matokeo yake ni irinotekani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa saratani ya utumbo mpana. Siku hizi imo pia katika mseto wa dawa za saratani ya kongosho. Miaka 30 imepita kati ya mti na dripu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitumika kuipunguzia sumu kemikali ya asili.

Kuhusu kuharisha, nakuomba usilichukulie kama jambo la kuvumilia tu. Kuharisha kwa irinotekani kunaweza kuua. Kukianza, apewe dawa ya kuzuia aliyoelekezwa, anywe maji mengi, na mpigie simu daktari wake siku hiyo hiyo, msingoje kliniki ijayo. Wapo watu waliozaliwa na ini linaloitoa dawa hii mwilini polepole. Kwao dozi hupunguzwa. Muulizeni daktari kama mama ni mmoja wao.

Nimesoma kwamba kurkumini, ile rangi iliyomo kwenye kiungo cha bizari ya manjano, inaua seli za saratani ya utumbo maabara. Kama ni kweli, hospitali zinasubiri nini?

Ni kweli, inaziua. Hata dawa ya kufulia inaziua. Katika kisahani cha maabara seli zimelala uchi, na mtafiti anazimwagia kiasi chochote anachotaka. Ndani ya mtu, kemikali iliyomezwa lazima ipenye ukuta wa utumbo, ipite kwenye ini, isafiri kwenye damu, iufikie uvimbe ikiwa bado nzima na kwa kiasi cha kutosha. Kurkumini inakwama karibu kila kituo. Kinachopenya ni kidogo, na hicho kidogo utumbo na ini hukibadili upesi kiwe kitu kingine. Wagonjwa wa saratani ya kongosho wamewahi kupewa gramu 8 kwa siku katika jaribio, na bado iliyoonekana kwenye damu ilikuwa haba.

Mtu anaweza kusema utumbo wenyewe hauhitaji damu, kwa kuwa dawa inapita hapo hapo. Hoja hiyo ni nzuri, nami niliwahi kuitegemea. Ilipimwa kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi unaootesha vinyama vingi kwenye utumbo mpana, vinyama ambavyo baadaye hugeuka saratani. Watu 44 waligawanywa: wengine wakameza miligramu 3,000 za kurkumini kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2018, na idadi ya vinyama haikutofautiana.

Mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko kemo. Uongo au kweli?

Namba hiyo haikuokotwa hewani. Utafiti wa mwaka 1996 ulitoa kemikali moja kwenye mbegu za mstafeli, ukaipima juu ya aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana, ikawa na nguvu mara 10,000 ya dawa ya kemo iitwayo doksorubisini. Lakini ni katika kisahani kile kile nilichokieleza. Nguvu ya kuua seli si nguvu ya kuponya mtu. Isitoshe, jamaa ya kemikali hiyo, anonasini, hudhuru seli za neva. Katika kisiwa cha Guadeloupe, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson umehusishwa na ulaji mwingi wa mstafeli. Tunda unalokula mara moja moja halinitishi. Kuchemsha majani na kunywa kila siku kwa miezi, siwezi kukushauri.

Vitamini B17 ya kokwa za aprikoti je?

Si vitamini. Ni amigdalini, na mwilini hutoa sianidi. Mwaka 1982 zilichapishwa habari za wagonjwa 178 waliopewa dawa hiyo Marekani: saratani haikurudi nyuma, na baadhi yao walikuwa na sianidi kwenye damu inayokaribia kiwango cha kuua. Usiinunue.

Basi hakuna hata kemikali moja ya mmea iliyofaulu kama kidonge tu?

Ipo inayonipa matumaini, nayo ni berberini. Nchini China, watu waliokuwa wametolewa vinyama vya utumbo mpana walipewa miligramu 300 mara mbili kwa siku. Matokeo yalichapishwa 2020. Vinyama vilirudi kwa asilimia 36 ya waliomeza berberini, dhidi ya asilimia 47 ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Berberini haipenyi vizuri kwenda kwenye damu, na hapa udhaifu huo huenda ni faida, maana inabaki utumboni. Ila tuelewane: hiyo ni kinga dhidi ya vinyama. Haijaonyeshwa kwamba inatibu saratani iliyokwisha ota.

Baba anapata kemo. Shangazi amemletea unga wa miti na anasema tusimwambie daktari, atagomba. Tufanyeje?

Mwambieni, hata akigomba. Nitakupa mfano mmoja. Upo mmea uitwao Hypericum perforatum, watu huutumia kwa huzuni na kukosa usingizi. Ulipojaribiwa pamoja na irinotekani, ile sehemu ya dawa inayofanya kazi ilishuka kwenye damu kwa asilimia 42. Mgonjwa angeendelea kutundikiwa dripu, angeendelea kuharisha, na huku dawa haifikii kiwango chake. Daktari asiyejua angedhani saratani imekuwa sugu.

Huyo shangazi anampenda kaka yake, msimkatishe tamaa. Mwombeni aende nanyi kliniki na huo unga mkononi, aseme mwenyewe ni mti gani, sehemu gani, na baba anakunywa kiasi gani. Hadi mjibiwe, uwekeni kabatini.