Sabuni ya Uganda inashinda yangu kwa bei: ninunue mashine au nigeuke mwagizaji?

SWALI: Ninatengeneza sabuni ya kufulia hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Tuko watu wanne, na tunapika siku tatu kwa wiki. Katika kila shilingi 100 ninazotumia, 72 ni mafuta ya mawese, 8 ni kostiki soda, 9 ni mishahara, na zinazobaki ni za karatasi, kodi ya chumba na usafiri. Sabuni nyingi ya Uganda inafika madukani kwa bei ambayo nikiifuata nitapata hasara. Mume wangu anataka tukope tununue mashine ya kusindilia na kukata. Rafiki yangu anasema nizime jiko, niagize sabuni iliyo tayari. Nifuate lipi?

JIBU: Dada, mkopo wa mashine usiuguse kwa sasa. Hesabu uliyoituma yenyewe inaonyesha sababu. Mashine inapunguza kazi ya mikono, na mishahara yako ni shilingi 9 tu katika 100. Hata ikiondoa nusu yake, umeokoa 4.50, na benki itazichukua zote kwa riba. Mafuta ni 72. Ukiyapunguza gharama kwa moja ya kumi, umeokoa 7.20 bila kukopa.

Pia mjue vizuri unayeshindana naye. Usingoje ushuru ukuokoe. Bidhaa zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa ushuru wa forodha wa 25%, na tangu Julai 2022 baadhi hutozwa 35%. Lakini bidhaa zenye asili ya Uganda huingia Kenya bila ushuru huo tangu Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005. Isitoshe, Uganda ina mashamba ya michikichi Kalangala, ng'ambo ya ziwa hilo hilo unaloliona. Viwanda vikubwa hununua mafuta kwa tangi zima, wewe unanunua kwa mtungi wa lita 20. Pengo lenu limeanzia kwenye ununuzi wa mafuta, kwa hiyo anzia hapo.

Badilisha sehemu ya mawese na shahamu ya ng'ombe. Kisumu ina machinjio, na mafuta hayo hayasafiri baharini wala hayalipiwi kwa dola. Tuseme unayapata kwa theluthi moja chini ya bei ya mawese: ukiweka kilo 30 katika kila kilo 100, gharama ya mafuta inashuka kwa 10%. Ila yasafishe kwanza. Yakatekate, yachemshe kwenye maji yenye chumvi, chuja, acha yagande, kisha kwangua uchafu ulioshikamana chini ya donge. Yakinuka bado, rudia. Ukiruka hatua hii sabuni itatoa harufu ya bucha kwenye shuka za watu, na mteja aliyekwenda kwa sababu hiyo ni vigumu kumrudisha.

Vipimo kwa kilo 100 za mafuta: mawese kilo 70, shahamu kilo 30. Kila kilo ya mawese inahitaji gramu 141 za kostiki soda safi, na shahamu gramu 140, jumla kilo 14.07. Punguza 3% ili mafuta kidogo yabaki, kisha gawanya kwa 0.98 ikiwa mfuko umeandikwa usafi wa 98%. Unapata kilo 13.9. Maji ni mara mbili, karibu kilo 28. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji. Usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Mchanganyiko huu hutoa mche mgumu lakini povu lake ni la taratibu. Ukitaka povu zaidi, ongeza mafuta ya nazi kidogo, halafu piga hesabu upya, kwa sababu nazi inataka karibu gramu 183 kwa kilo.

Kosa ninaloomba ulikague leo ni la mtungi. Lita 20 za mawese si kilo 20. Ni karibu kilo 18. Anayepima kostiki kama kwamba ana kilo 20 amezidisha kwa 11%, na ile akiba ya 3% haitamwokoa. Kata mche katikati, udondoshee tone la fenolfthaleini, dawa inayobadilika rangi ikigusa kostiki, pale ndani kabisa. Ukigeuka waridi iliyokolea papo hapo, kostiki haijaisha na itachubua mikono ya mfuaji. Na hiyo ziada umeilipia. Nunua mizani, acha kupima kwa lita.

Kisha uzito. Sabuni mbichi ina maji mengi. Ukikata gramu 800 leo na kuuza kesho, mwenye duka atapima baada ya mwezi akute imepungua sana, na atakuona mwizi. Kausha wiki tatu hadi nne kwenye rafu zenye upepo, pima mche ule ule kila wiki ujue unapoteza kiasi gani, kisha ongeza kiasi hicho unapokata.

Kuagiza? Kiwanda cha betri cha Eveready kule Nakuru kilifuata njia hiyo: kilifungwa mwaka 2014, kampuni ikabaki kuuza betri za kutoka nje. Ilikuwa na jina linalojulikana nchi nzima. Wewe ukiagiza utakuwa mchuuzi mmoja zaidi kati ya wachuuzi wa mpakani Busia, na ujuzi wako hautakuwa na kazi.

Soko lako ni shule za bweni, hospitali na hoteli, wanaotaka sabuni ipelekwe mlangoni, kwa ukubwa wanaoutaka, kila mwezi. Serikali imetenga 30% ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, jiandikishe. Lakini bila alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hutapita mlangoni. Kiwango cha sabuni ya kufulia ni KS EAS 31. Kabla ya kuomba, peleka sampuli KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, Kisumu, wakupimie jumla ya mafuta ya sabuni na kostiki iliyobaki, ili usilipie ukaguzi utakaoanguka.

Ukishapata alama hiyo, Uganda nayo iko wazi kwako. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kuna cheti rahisi cha asili, kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, kinachotolewa mpakani. Nenda Busia bila mzigo kwanza, uulize dirishani kama sabuni yako imo kwenye orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, na shirika la viwango la upande wa pili linataka karatasi gani.