Kabla Hujafungua Kamera ya Babu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amerithi Kodak Brownie ya marehemu babu yake, na ndani yake mna filamu ambayo haijasafishwa. Aliuliza kama afungue kifuniko cha nyuma aone imebaki kiasi gani. Nilimjibu kabla sijamaliza kusoma: usifungue!

Filamu yangu ya kwanza ya namna hiyo niliifungua mwenyewe mchana, kwa udadisi tu, na mizunguko yake ya nje ikaingia mwanga. Hilo ni kosa langu. Ya pili, hata hivyo, bado inaniuma. Ilikuwa ya rangi, imeandikwa C-22, utaratibu wa zamani wa kusafisha filamu za rangi, ambao nafasi yake ilianza kuchukuliwa na C-41 mwaka 1972. Niliipeleka kwa fundi aliyenihakikishia kwamba filamu ya rangi ni filamu ya rangi, naye akaitia katika dawa ya C-41 yenye joto la nyuzi 38 hivi, ilhali filamu zile zilitengenezwa kwa dawa ya nyuzi 24. Utando wa picha ulilainika ukabanduka, nami nikarudishiwa plastiki tupu pamoja na risiti. Hakuniomba radhi. Laiti ningejua wakati ule kwamba C-22 inaweza kusafishwa kwa dawa ya filamu nyeusi na nyeupe: rangi hupotea, lakini nyuso hubaki. Kodachrome nayo, filamu ya slaidi za rangi ya Kodak, haina njia nyingine tangu maabara ya mwisho, iliyokuwa Parsons, Kansas, Marekani, ilipoacha kuipokea mwishoni mwa 2010.

Mwezi huu nimefanikiwa, na sitaficha furaha yangu. Filamu ilikuwa Verichrome Pan, nyeusi na nyeupe, na kati ya fremu 12 zimetoka saba, mojawapo ikiwa ya mwanamke anayecheka huku amejikinga jua kwa kiganja. Nilitumia dawa ya kusafishia iitwayo HC-110, sehemu moja kwa 31 za maji, kwa sababu haichochei sana ukungu, yaani weusi unaoifunika picha. Ukungu ndio adui mkubwa hapa, kwani joto na miaka huitia filamu weusi hata pale ambapo mwanga haukugusa, na wakati huohuo picha iliyofichika, ambayo bado haijasafishwa, huendelea kufifia. Nilikata kipande kidogo nikakijaribu kwanza. Nawasihi nanyi mfanye hivyo, maana wengi wetu tuna haraka ya kuona na uvivu wa kupima. Kazi yote ya kuivingirisha filamu kwenye rili, kigurudumu cha kusafishia, ifanyike katika giza totoro. Taa nyekundu huiharibu Verichrome Pan.

Wanaoniambia kwamba filamu ya miaka 50 imekufa huwa nawakumbusha msafara wa puto wa Msweden Andrée uliopotea Aktiki mwaka 1897. Filamu zake zilipatikana 1930, na mpiga picha John Hertzberg akaokoa fremu 93 kati ya 240.

Msomaji wangu amejibu kwamba hakufungua. Nimemwelekeza azungushe kitufe taratibu, akitazama kidirisha chekundu, hadi mkia wa karatasi inayoifunika filamu kwa nyuma upite wote, kwa kuwa filamu ya Brownie hairudishwi nyuma. Kisha aitoe gizani na kuifunga kwa utepe. Ameniambia kwamba kidirisha kinaonyesha namba 9.