Wanne kwa mpigo, nianze na nani?

SWALI: Shikamoo sista. Nina miezi minane kazini, hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake. Usiku tunakuwa wawili, mimi na mhudumu. Juzi saa nane usiku mambo manne yalinijia kwa mpigo: dada aliyevunjika mguu analia na ndugu zake wananifokea, mama mwenye presha 170/100, hana shida nyingine, drip ya kitanda cha pili imekwisha, na mama wa miaka 61 mwenye nimonia, ambaye nilimkuta amelala nikamwacha apumzike. Nilianza na mguu, nikaenda kwenye presha. Alfajiri yule wa nimonia hakuamka vizuri, akakimbizwa chumba cha mahututi. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeliandika mwenyewe: "amelala". Mgonjwa wa nimonia saa nane usiku hujui kama amelala mpaka umwamshe. Mguse bega, muulize jina lake na yuko wapi. Akijibu sawasawa, mwache aendelee na usingizi. Akikuita jina la binti yake, au akifumbua macho na kuyafumba tena, huyo ndiye wa kwanza wodi nzima. Anayepiga kelele angalau njia yake ya hewa iko wazi na pumzi ya kulilia anayo.

Sasa nikuulize: kwenye chati, upumuaji wake uliandika ngapi? Nadhani 20. Na wa jirani yake 20. Kwenye wodi nilizopita karibu kila mgonjwa hupumua mara 20, anayeruhusiwa kesho na anayekata roho. Hata mimi niliziandika hizo 20, mpaka usiku mmoja daktari aliposimama nami kitandani akanitaka nihesabu upya mbele yake. Zilikuwa 34. Tangu hapo nahesabu dakika nzima, vidole vyangu viko kwenye kifundo cha mkono wake kana kwamba napima mapigo, maana mtu akijua unamhesabia pumzi huzibadilisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukipata 25, usiende kitanda kingine.

Tuseme ungempima ukapata pumzi 28, oksijeni ya damu asilimia 91 bila mashine, mapigo 112, presha 105/60, joto 38.2. Ukitazama presha peke yake utaridhika. Lakini Waingereza wana mfumo wa kumpa mgonjwa alama za hatari uitwao NEWS2, wa mwaka 2017, na kwa mfumo huo anapata 3 za pumzi, 3 za oksijeni, 2 za mapigo, 1 ya presha na 1 ya joto. Jumla 10, na kuanzia 7 ni dharura. Presha 170? Sifuri. Ya juu haipewi alama mpaka ifike 220. Sisemi umpuuze, muulize kama kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, kifua kinabana au upande mmoja umelegea. Kama hana lolote, anasubiri. Ila akiwa mjamzito au amejifungua karibuni, futa niliyosema: ya juu ikifika 160 au ya chini 110, naye ni dharura, na mfumo huo haukutengenezwa kwa ajili yake.

Wa nimonia mkalishe, mwekee oksijeni, mpime sukari, kisha piga simu. Usimwambie daktari "hali ya mgonjwa si nzuri", atakujibu "nakuja" na kurudi usingizini. Sema hivi: "Daktari, niko wodi ya wanawake, kitanda cha 9, mama wa miaka 61, nimonia, siku ya pili. Saa nne alikuwa anapumua 20, sasa 28. Presha ilikuwa 148, sasa 105. Anaweweseka. Nimemwekea oksijeni. Naomba uje sasa hivi." Zile namba za saa nne ndizo zitakazomtoa kitandani, kwa hiyo uwe umezipima kweli.

Dada wa mguu ana haki ya dawa ya maumivu, na ndugu wakielezwa kwa upole kwamba unamwahi anayepumua kwa shida, wengi huelewa. Ila unapompita, mguse vidole vya mguu. Vikiwa vya baridi, vimepauka, havisikii, au maumivu yanazidi licha ya dawa, anapanda foleni na daktari ajulishwe simu hiyo hiyo.

Drip, kama ilikuwa ya maji tu, mwambie mhudumu aifunge. Baya zaidi kanula, yaani kile kimrija cha kwenye mshipa, itaziba, nawe utaweka nyingine asubuhi.