Barua kwa mwanangu: yule aliyeitwa ndugu katika faili la mirathi

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimepokea barua yako pamoja na picha za faili la mirathi ulilolisoma katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Umeniuliza kama yule mwanamume aliyechukua nusu ya shamba la mikarafuu la mama yake bibi yangu, ambaye faili la mahakama ya Waingereza linamwita ndugu wa marehemu, alikuwa ndugu yake kweli, au alikuwa mtoto wa bwana aliyemmiliki. Mimi naamini hakuwa ndugu yake, lakini usiliandike hilo katika daftari la ukoo kabla hujazipima sababu zangu.

Nilikaa miaka mingi nikinakili hukumu katika ofisi ya kadhi, kwa hiyo nilitazama kwanza mafungu. Marehemu aliacha binti mmoja tu, naye ni bibi yangu. Binti akiwa peke yake hupata nusu, na nusu inayobaki huchukuliwa na asaba, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, kama vile ndugu wa kiume wa baba mmoja. Ndugu wa mama tu hapati kitu mbele ya binti. Lakini marehemu akiwa ni mtumwa aliyeachwa huru, naye hana asaba wa damu, nusu hiyo hiyo humwendea aliyemwacha huru, au watoto wake wa kiume ikiwa yeye amekwisha kufa, kwa haki iitwayo walaa. Unaona basi kwamba nusu kwa nusu uliyoikuta haithibitishi lolote, kwani ingetoka vile vile kwa njia zote mbili.

Kwa hiyo ni lazima tuulize nani alinufaika na neno lile. Zamani nilidhani yule mwanamume alidanganya ili apate shamba, lakini sasa siamini hivyo, kwa kuwa kama alikuwa mtoto wa bwana angelipata fungu lake kwa walaa bila ya kusema uongo wowote. Aliyekuwa na haja ya neno “ndugu” ni bibi yangu. Alikuwa amesimama mbele ya watu wa mji wake, na kusema kwamba yule ni mrithi kwa walaa kungekuwa ni kutangaza kwamba mama yake alinunuliwa. Kwa kusema “ndugu”, nusu yake isingepungua wala kuongezeka, ila heshima ya mama yake ingebaki. Tena yeye, akiwa shahidi, alisema “ndugu” kwa Kiswahili, neno ambalo sisi humwita hata mtu tuliyelelewa naye nyumba moja, na karani akaliandika kwa neno la Kiingereza ambalo ni la aliyezaliwa naye tu. Ukisoma Kiingereza peke yake utadhani jambo limekwisha.

Sasa tazama ile picha ya nne, hati ya shamba iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo ni ya zamani kuliko kesi. Katika jalada la faili marehemu ana jina la baba, nalo ni lile lile la baba wa yule mwanamume. Katika hati hana baba. Ameandikwa jina lake peke yake, kisha “khadimu”, yaani mtumwa au mtumishi, na jina la nyumba ile. Mimi naiamini hati zaidi, kwa sababu iliandikwa siku ambayo hapakuwa na mirathi wala mgogoro, na yeye mwenyewe alikuwa hai.

Utaniambia kwamba bibi alimwita “mjomba” mpaka mwisho wa uhai wake, nami nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini mtoto aliyekulia katika nyumba zile alifundishwa kumwita kila mkubwa kwa jina la udugu, na hilo halikuwa lazima liwe uongo, maana huenda yule mzee alimtendea kama mjomba hasa.

Usivunjike moyo kwamba jina lake hukulikuta katika madaftari ya walioachwa huru. Tangazo la Sultani Hamoud bin Mohammed la Aprili 6, 1897 halikumwacha huru kila mtu siku ile. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba, na wengi hawakwenda. Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake, nao walihesabiwa kama wake wa ndoa, wakabaki walipo isipokuwa wathibitishe ukatili, na waliondolewa kifungo hicho kwa sheria ya 1909. Kwa hiyo kutoandikwa kwake hakuonyeshi kwamba alizaliwa huru.

Ukirudi Kilimani, omba faili la mirathi ya bwana mwenyewe. Likiwepo, soma orodha ya warithi. Akitajwa yule mwanamume miongoni mwa wana, shaka yangu itakuwa imethibitika. Akitajwa bibi yangu miongoni mwa mabinti, na mama yake asipewe sehemu ya ile thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ya wake wa ndoa, basi huenda mama yake alikuwa suria, na yule tunayemwita mjomba atakuwa ni kaka wa bibi kwa baba. Hilo nalo nataka tulijue, hata kama linauma.

Kwa sasa, katika daftari andika hivi: “ameitwa ndugu na binti wa marehemu, mahakamani.” Mama yako anakusalimu sana.

Wasalaam,
Baba yako