Usilifunike kosa kwa -fcommon

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja anayesoma Mbeya: "Shikamoo kaka. Mradi wangu wa lugha ya C ulikuwa unajengeka vizuri kwenye kompyuta za maabara. Nimeuhamishia kwenye laptopu yangu mpya, naambiwa multiple definition of `idadi'. Nikashauriwa niongeze -fcommon kwenye Makefile (faili la maagizo ya kujenga programu). Nimeongeza, bado inagoma. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Umegusa jambo ambalo kwangu ni kidonda, kwa hiyo nivumilie.

Ujumbe huo unasema idadi imefafanuliwa zaidi ya mara moja, lakini msimbo wako haukuharibika njiani. Hadi toleo la 9, kompaila ya GCC ilikuwa ikikuta mstari kama int idadi; nje ya fankisheni, bila thamani ya kuanzia, inauweka kwenye eneo la pamoja. Mafaili matano yakiwa na mstari huohuo, linka (programu inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa) inayafanya yote yatumie variabo moja, yaani sehemu moja ya kuhifadhia thamani. Ni desturi ya siku nyingi ya kompaila za Unix, jamaa ya COMMON ya lugha ya Fortran. Toleo la 10, lililotoka Mei 2020, likageuza mambo: -fno-common (kinyume cha -fcommon, inayozima eneo la pamoja) ndiyo ikawa kawaida, na kompaila nyingine, Clang, ikafanya hivyohivyo kwenye toleo la 11 mwaka huohuo. Sasa kila faili linahesabiwa kuwa na idadi yake, na linka inakataa.

Kwa nini -fcommon haikukusaidia? Make, programu inayosoma Makefile, inalinganisha saa za mafaili, haiangalii umebadilisha nini kwenye CFLAGS, yaani orodha ya chaguo za kompaila. Mafaili yako ya .o (matokeo ya kukompaili) yalikuwa bado mapya kuliko ya .c (msimbo wenyewe), hivyo hayakuguswa. Ungepiga make clean kwanza. Na chaguo hili linafanya kazi wakati wa kukompaili kila .c; ukiliweka kwenye mstari wa kuunganisha .o peke yake, halibadilishi kitu.

Lakini nakuomba usiishie hapo, na sababu ni hii.

Nilipokuwa mgeni kwenye kampuni moja ndogo Dar es Salaam, tulitengeneza programu ya vituo vya kukusanyia maziwa. Mfugaji analeta maziwa, mzani unasoma, risiti inatoka. Mkubwa wangu wa kazi aliandika upande wa mzani, mimi nikapewa risiti. Waraka wa mradi ulisema jumla ni namba nzima kwa mililita, nami nikaandika int jumla; (int ni namba nzima) kama ulivyoagiza. Mkubwa wangu akageuza upande wake kuwa double (namba yenye desimali), kwa lita, hakumwambia mtu. Programu ikajengwa bila kukataliwa, ikapelekwa kituoni.

Risiti zikaanza kutoa maajabu. Mama aliyeleta lita 37.5 alipewa risiti ya 0. Aliyemfuata, mwenye lita 37.4, akapewa 858993459. Watu wanategemea karatasi ile kulipwa! Kikaoni nikaambiwa mbele ya wote kwamba risiti ni kazi yangu, basi kosa ni langu, na kwamba vijana wa siku hizi hatujui C.

Sikujibu. Usiku nikakaa na mafaili yale mawili, nikayapitisha kwenye nm, chombo kinachoonyesha majina yaliyomo kwenye mafaili ya .o:

mzani.o: 0000000000000008 C jumla
risiti.o: 0000000000000004 C jumla

Herufi C inamaanisha eneo la pamoja, na namba ni ukubwa kwa baiti. Linka ilitenga baiti 8, ikawapa wote wawili kama wapangaji waliouziwa chumba kimoja. Mzani ulijaza baiti zote 8, risiti ikasoma 4 za mwanzo, ambazo kwenye kompyuta zile ni mkia wa sehemu ya desimali. Mkia wa 37.5 ni sifuri tupu. Mkia wa 37.4 ni 0x33333333, yaani 858993459. Hesabu ilitoka barabara.

Asubuhi niliiweka karatasi mezani kwa mkubwa wangu. Akaisoma, akasema, "Sawa, rekebisha." Basi. Kikao cha kunisafisha hakikuitishwa, na pole sijapewa mpaka leo. Najivunia usiku ule kuliko cheti changu chochote.

Ndugu zangu mnaotaka kuitwa wahandisi, kompaila mpya ikikukatalia inakutetea. Ingelikuwepo enzi ile, nisingesimamishwa mbele ya watu. Ukiweka -fcommon ili kelele zinyamaze, unairudisha hali ileile iliyomnyima yule mama hesabu yake. Acheni tabia ya kubandika chaguo msilolielewa kwa sababu tu fulani amesema linafanya kazi.

Weka extern int idadi; (tangazo tu kwamba ipo kwingine) kwenye heda, yaani faili la .h linaloinkludiwa na mafaili mengine. Weka int idadi; kwenye faili moja tu la .c, na faili hilo nalo liinkludi heda hiyo, ili aina zikipishana kompaila iseme palepale. Kama variabo ni ya faili moja, iite static, isionekane nje ya faili hilo. Na kama mradi ni wa zamani na mkubwa, huwezi kuurekebisha leo, tumia -fcommon pamoja na -Wl,--warn-common wakati wa kuunganisha, upate orodha ya yanayogongana, kisha uyamalize moja baada ya jingine.

Wewe wa Mbeya, piga make clean, toa -fcommon, jenga upya, halafu endesha nm -A *.o | grep idadi. Kwa kompaila yako utaona B (variabo iliyo ya faili lenyewe) badala ya C. Kila faili lenye B ndilo la kusafisha, isipokuwa moja utakalolichagua. Nitumie majibu ukikwama.