Kwa mnaoanza kuandika nyaraka za programu huria

Wadogo zangu, wiki hii nimehakiki maombi matatu ya kuunganisha (yaani mabadiliko ambayo mtu anaomba yaingizwe katika mradi) yaliyoletwa na wageni wa mradi wetu, na yote yana kosa moja: mtu ameufumua mwongozo mzima wa usakinishaji, mafaili zaidi ya thelathini kwa mkupuo, bila kufungua tiketi (taarifa ya tatizo au kazi inayotakiwa) wala kumuuliza yeyote. Bidii hiyo naipenda, ila mhakiki anayejitolea usiku baada ya ajira yake hawezi kuyasoma yote hayo, na kazi yenu itakaa foleni mpaka ichakae.

1. Ombi moja, jambo moja. Kiungo kilichokufa, amri iliyokosewa herufi, picha ya skrini ya toleo la zamani, kila kimoja kije peke yake.

2. Hatua ziandikwe kwa mpangilio ule ule ambao msomaji atazitenda. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika ukurasa wa kupandisha toleo la programu ndogo ya kumbukumbu za wagonjwa. Hatua ya tatu ilikuwa amri inayobadili muundo wa hifadhidata, nayo ilikuwa haitenguliki. Onyo la kuchukua nakala rudufu niliweka kwenye tanbihi chini ya hatua ya nane, kwa kuwa niliamini hakuna mtu wa kazi hii asiyejua kwamba nakala huchukuliwa kwanza. Wahakiki wawili waliupitisha ukurasa, maana nao walikuwa wanajua.

Ijumaa moja jioni mtunza kumbukumbu wa kituo kimoja cha afya, aliyekabidhiwa seva kwa sababu tu hapakuwa na mwingine, aliufuata ukurasa wangu mstari kwa mstari, na umeme ukakatika katikati ya hatua ya tatu. Tiketi aliyofungua ilikuwa na sentensi moja: “Hatua ya nane inaniambia nichukue nakala kabla ya hatua ya tatu.” Hakulaumu wala hakutukana. Nakala ya mwisho waliyokuwa nayo ilikuwa ya majuma matatu nyuma, kwa hiyo yeye na muuguzi mmoja waliingiza upya taarifa zote kutoka vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za karatasi za huduma za afya, jioni baada ya jioni, na mahali pengine mwandiko haukusomeka. Mimi nilisahihisha ukurasa kwa dakika nne, kwa kuhamisha aya moja kutoka chini kwenda juu. Dakika nne hizo zinaniuma hadi leo.

Nilimwomba mtunza kumbukumbu huyo awe msomaji wa kwanza wa kila rasimu ya kupandisha toleo, naye akakubali. Akisema “hapa nimekwama,” hatumwelezi, tunaandika upya.

3. Kila amri ijaribiwe kwenye mashine tupu, kwani kompyuta yako ina vitu ulivyosakinisha zamani ukavisahau.

4. Nyaraka zikae pamoja na msimbo. Mradi wa Django, programu huria ya kutengenezea tovuti, huziweka katika hazina moja na msimbo, na kipengele kipya hakipokelewi bila maelezo yake. Katika utafiti wa mwaka 2017 wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, asilimia 93 ya waliohojiwa walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea, ilhali asilimia 60 ya wachangiaji walikiri kwamba ni nadra wachangie nyaraka, au hawachangii kabisa. Ndiyo maana mnapokuja mkiwa tayari kuandika, tunafurahi kweli.

5. Andikeni mlipokwama katika juma la kwanza, kabla hamjazoea. Sisi wakongwe hatuyaoni tena mashimo hayo, na daftari la mgeni lina thamani kuliko ukurasa mzima wa mtaalamu.

6. Mkitafsiri, kubalianeni kwanza kuhusu istilahi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice (programu huria za kazi za ofisi), watu walikuwa wamekaa kwanza kutunga faharasa. Mkenya ataandika tarakilishi, Mtanzania kompyuta, na zote mbili zikiingia katika ukurasa mmoja, msomaji atadhani ni mashine mbili.

Ninyi watatu, sijayakataa maombi yenu. Nimeyagawa katika tiketi ndogo ndogo zenye majina yenu. Anzeni na ile ya usanidi wa seva, nami nitaihakiki Jumamosi asubuhi.