Mama alizimia siku nne Ramadhani: anadaiwa nini?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mama yangu ana kisukari na alikuwa amefunga. Jumatatu saa nne asubuhi sukari ilishuka, akazimia. Hospitali walimtundikia dripu ya sukari lakini hakuzinduka. Kesho yake wakamweka kwenye mashine ya kupumulia na kumpa dawa ya usingizi. Alizinduka Alhamisi, kama dakika kumi kabla ya Magharibi. Ustadhi mmoja anasema alikuwa usingizini tu, hivyo anadaiwa sala 17, na kwa kuwa ni dhaifu tutoe kibaba cha mchele kwa kila sala. Mama analia kila siku.

JIBU: Wa alaykumus salaam. Binti yangu, mfute mama machozi. Anadaiwa sala mbili tu: Adhuhuri na Alasiri za Alhamisi.

Katika madhehebu ya Shafi, aliyezimia wakati wote wa sala hailipi. Hizo mbili zimemlazimu kwa kuwa alizinduka Alasiri haijatoka: ukibaki wakati wa takbira moja tu, sala hiyo ni wajibu pamoja na inayokusanywa nayo. Alfajiri haikusanywi na Adhuhuri, ndiyo maana haimo. Lau angezimia Jumatatu saa tisa alasiri kabla ya kusali Adhuhuri, hiyo nayo ingekuwa deni.

Sasa hilo la "usingizini tu". Aliyelala ukimwita na kumtikisa huamka, aliyezimia haamki. Mafakihi walizitenga hali hizi tangu kwenye udhu: anayesinzia akiwa ameketi imara, makalio yameshika chini, udhu wake haukutenguka, aliyezimia umetenguka vyovyote alivyokaa. Hospitali wakisema "dawa ya usingizi", hukumu haifuati jina la dawa. Mama alipewa kwa dharura, hakujitakia. Anayepigwa nusu kaputi kwa upasuaji wa saa chache, ambapo baadhi ya wanachuoni wa leo humwambia alipe, naye alipe kwa tahadhari. Ni sala moja au mbili.

Kulipa zote kuna waliosema: Ammar bin Yasir alizimia akalipa, na Mahanbali wakaifuata kauli hiyo. Ibn Umar alizimia na hakulipa. Mahanafi wameweka mpaka: zikizidi sala za siku na usiku wake, halipi. Ustadhi angeishia hapo ningemheshimu. Lakini mchele kwa sala za mtu aliye hai ameutoa wapi? Mtume (s.a.w.) amesema aliyesahau sala au aliyepitiwa na usingizi aisali akumbukapo, haina kafara ila hiyo. Hata huyo aliyelala kweli hakutozwa kibaba! Mnamtozaje mgonjwa aliyetoka kwenye mashine? Mama dhaifu asali ameketi, akishindwa alale kwa ubavu, aashirie kwa kichwa. Kuoga baada ya kuzinduka ni sunna tu, kama alivyofanya Mtume katika maradhi yake ya mwisho. Udhu ndio wa lazima, na maji yakimdhuru atayamamu.

Saumu ni habari nyingine: siku zote nne zinalipwa, maana Qur'ani imemwekea mgonjwa siku nyingine. Ya Jumatatu ingesihi, kwani alinuia usiku na alikuwa na fahamu sehemu ya mchana, ila dripu ile ni lishe, nayo kwa kauli ninayoifuata inafunguza. Daktari akimkataza kufunga moja kwa moja, hapo ndipo kibaba kinapoingia: kimoja kwa kila siku ya saumu, robo tatu ya kilo ya mchele inatosha na kuzidi.

Na Ramadhani ijayo asifunge bila daktari kuzipanga upya dawa zake. Akiruhusiwa, apime sukari hata mchana, kupima hakufunguzi. Ikishuka chini ya 70 (au 3.9 kwa vipimo vingine), au akitetemeka na kutokwa jasho jembamba, afungue papo hapo, hata zikibaki dakika tano kuadhiniwa. Kuendelea ni kujidhuru, na hilo ni haramu. Akizimia tena msimmiminie maji ya sukari mdomoni: hawezi kumeza, yataingia mapafuni. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.